Nyumba Iliyokua Nikiwa Edani

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe mbili Mei, muda mfupi kabla ya adhuhuri, na siku hiyo kuta za nyumba yetu zilikuwa zimefika magotini. Naweka mambo haya mawili katika sentensi moja kwa sababu yalinijia pamoja. Niliketi kwenye mkeka, wanawake wamenizunguka, nikimlilia mtu wangu. Na ndani ya kilio kilekile niliziona safu za matofali mekundu zilizoachwa wazi juani, ng'ambo ya daraja la Tshopo hapa Kisangani, kwenye barabara iendayo Masako, zikingoja safu nyingine.

Sioni haya kulisema. Nyumba ile tuliifanya wawili. Yeye alikuwa fundi cherehani. Mimi nauza samaki wa kukaushwa ninaoletewa kwa mtumbwi kutoka Barumbu, nilikozaliwa. Kiwanja tulikipata miaka saba kabla. Udongo wa matofali tuliuchimba palepale, katika bonde lililo nyuma ya kiwanja. Maji ya kuukanda niliyabeba mimi, kwa kichwa changu. Tanuri tuliliwasha mara tatu katika miaka mitatu, na kila mara tulikaa mbele yake siku nzima bila kusema mengi, tukitazama moshi ukitoka kwenye nyufa na kupotea juu ya miti. Mabinti zetu wameolewa mbali. Nyumba ilikuwa ya wazee wawili waliotaka kutoka katika vyumba viwili vya ua wa familia, wakafunge mlango wao wenyewe.

Familia ya mume wangu ni ya Waislamu wa zamani wa mji huu, wale ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara. Mimi nilizaliwa katika ukoo wa wavuvi Wakristo, nikasilimu siku tano kabla ya ndoa. Eda, basi, niliijua kwa kuiona kwa wengine: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, huvaa nguo nyeupe, havuki kizingiti cha ua, hajipambi. Niliikubali bila kusukumwa na mtu. Nilitaka kumpa marehemu heshima yake yote, isipungue hata siku moja.

Na siku ninajua kuzihesabu. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la akina mama lililofanyika alasiri, baada ya soko. Mwalimu wetu hakutaka kuona neno lolote kwenye daftari kabla ya tarehe. Yeyote aliyeanza na maneno alifutiwa ukurasa. Wenzangu walicheka. Mimi nilipenda. Mtu aliyeishi miaka arobaini bila kuweza kusema jambo lake lilitokea lini anajua kwa nini nilipenda. Tangu hapo ninaandika tarehe juu ya kila kitu: gunia la chumvi, chupa ya mafuta, sehemu ya ndani ya viatu vipya.

Usiku wa mazishi ulipopita, nilifungua mlango wa kabati, ambako nilikuwa nimebandika kalenda ya karatasi, nikahesabu kwa penseli. Kutoka tarehe mbili Mei, miezi minne: tarehe mbili Septemba. Siku kumi: tarehe kumi na mbili Septemba, Jumanne. Nikaizungushia duara. Nilipata faraja kuona kwamba nitatoka siku ileile ya juma aliyoondoka yeye. Sikumwonyesha mtu.

Lazima nieleze sasa jambo la bati la kwanza, maana ndilo lililonikosesha raha miezi yote ile.

Katika mtaa tulikojenga, siku ya kuezeka, mafundi wakiwa wamekwisha kukaa juu ya mbao, bati la kwanza huinuliwa na mwenye nyumba kwa mikono yake. Si fundi, si msaidizi. Majirani huja kutazama. Mkono ulioinua bati lile ndio mkono wa mwenye nyumba, na mdomo wa mtaa haubadiliki tena. Nina ushahidi. Viwanja vitatu kutoka chetu kuna nyumba ya mtu aliyekwenda Bafwasende kutafuta dhahabu. Akachelewa kurudi, na mjomba wake akainua bati kwa niaba yake. Yule mtu amerudi zamani. Ameoa humo, amezaa humo, amepaka rangi ya kijani. Hadi leo nyumba ni ya tonton, yaani mjomba; ukiuliza njia, utaambiwa: "Pita kwa tonton, kisha ukate mukono wa kuume." Mume wangu alikuwa akimpita mlangoni na kumsalimu kwa sauti kubwa, "Tonton iko?" na yule bwana, ambaye hana ubaya, anajibu, "Tonton alikufa, papa! Ni miye mwenyewe iko hapa!" Tulicheka njia nzima.

Edani sikucheka tena. Baada ya arobaini, mdogo wa mume wangu, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, alichukua jukumu la ujenzi. Mafundi walimjua yeye. Mchanga wa mtoni ulipofika, aliupokea yeye. Na mimi, nikiwa ndani ya nguo nyeupe, nilijiuliza swali moja tu, asubuhi hadi jioni: nani atainua bati? Nikiliinua mimi, nitakuwa mjane mwenye nyumba yake. Akiliinua yeye, hata kwa nia njema, nyumba itakuwa ya ukoo, na mimi nitakuwa mama mmoja anayehifadhiwa katika chumba cha nyuma.

Habari za nyumba nililetewa na wifi yangu mkubwa, dada wa kwanza wa marehemu. Yeye hakusoma, na futi na mita hazimhusu. Alikwenda kiwanjani kila baada ya siku mbili au tatu, akirudi alikaa mbele yangu, akaanza na maji ya kunywa, kisha akasimama na kunionyesha ukuta kwenye mwili wake.

"Leo banafika hapa," alisema, akiweka kiganja juu kidogo ya goti.

Jumatatu, tarehe kumi na tisa Juni, kiganja kilifika kiunoni.

"Hapa ndiyo dirisha inaanza. Ya chumba yako inatazama bonde, vile marehemu alitaka."

"Una hakika ni bonde?"

"Mama, niliingiza kichwa mwenyewe. Niliona migomba. Unataka nikuletee mugomba moja?"

Idi ya kuchinja ilipokuja, mwisho wa Juni, nyumba ilikuwa mbavuni kwake. Katikati ya Julai ilikuwa begani, na hapo ikasimama wiki mbili kwa sababu fundi hakutaka kupandisha zaidi kabla saruji ya linta haijafika, linta ikiwa ile boriti inayopita juu ya milango na madirisha na kuzifunga kuta zote pamoja. Wiki mbili wifi yangu alikuja, akagusa bega, akakaa. Wakati mwingine alisahau mkono begani, akawa anazungumza mambo ya soko huku amejishika hivyo, na mimi simtazami usoni, naitazama nyumba.

Sijui kama nitaweza kueleza alasiri zile. Joto lilikuwa likishuka, maporomoko ya mto yakisikika kutoka mbali kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, nami nilichukua kipande cha mkaa na kuchora nyumba kwenye sakafu ya chumba changu. Nilikuwa nimeshika mpango wote kichwani: sebule, vyumba vitatu, baraza, ghala dogo la samaki lenye mlango wake. Chumba nilichokaa hakikutosha kuichora kwa ukubwa wake, hivyo niliichora ndogo, kiasi cha mikeka miwili, halafu nikavua viatu na kuingia kwa mlango wa mbele. Hatua moja, sebule. Nusu hatua, ukumbi. Nilisimama ndani ya chumba kilichotosha nyayo zangu mbili na kungoja, na baada ya muda kuta zilianza kupanda. Niliisikia baridi yake kwenye viganja. Nilinusa matofali yaliyomwagiwa maji. Mara nyingine mume wangu alikuwa ameketi juu ya ukuta, miguu ikining'inia, pini za kushonea mdomoni kama alivyozoea, hawezi kunijibu kwa sababu ya pini hizo. Basi nilimwambia mimi: saruji imepatikana, linta inamwagwa kesho, mchanga wa awamu ya pili ni msafi kuliko wa kwanza. Alitikisa kichwa. Alikuwa na kivuli, jambo lililonishangaza, na kivuli chake kilianguka upande wa bonde.

Kisha wifi yangu aliingia na kusimama katikati ya sebule bila kujua.

"Yaya, uko unakanyaga ukuta," nilimwambia, maana dada mkubwa huku ni yaya.

Aliruka kando, akatazama sakafu, akashika mdomo. "Ukuta gani? Wee! Eda inakupandisha kichwani?" Lakini tangu siku hiyo alipita pembeni, na siku moja nilimwona akiinua kanga yake ili isifute baraza.

Tarehe tatu Agosti, Alhamisi, aliinua mkono wake wote juu ya kichwa, vidole vimenyooka, akasimama kwa ncha za miguu.

"Inanipita. Sasa siwezi tena kukuonyesha."

Nilimwomba akae. Siku hiyo maji ya kunywa nilimletea mimi.

Jumapili, tarehe ishirini Agosti, alikuja shemeji mwenyewe, semeki kama tunavyoitana hapa. Hakuingia. Alisimama nje ya pazia la mlango, kama ilivyo adabu kwa mjane aliye edani, na dada yake akaketi katikati yetu.

"Semeki, odi."

"Karibu, semeki."

"Mbao zote ziko juu. Bati ziko kwangu. Fundi anasema ataanza siku ya posho, tarehe tisa ya mwezi wa tisa."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Sikuhitaji kufungua kabati. Tarehe tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

"Haiwezi kungoja siku tatu?" niliuliza.

"Mvua haingojake mutu, semeki. Matofali yameungwa na udongo, siment iko inje tu. Mvua mbili ya nguvu, tunarudi ku musingi, ku fondation."

"Mvua ninaijua. Mimi nauliza siku."

"Bon. Siku ile iko na shida gani?"

"Wewe ndiye unajua."

"Miye nilihesabu muzuri, semeki. Nilihesabu mara mbili, nikamuambia fundi: hapana kabla ya tisa."

Nilihesabu mara mbili. Maneno hayo nilibaki nayo. Alikuwa amehesabu, basi. Alijua siku niliyofungwa, na akachagua siku iliyo ndani yake, karibu na mlango kabisa, ili watu waseme, maskini, alikosa kwa siku chache tu. Nilimjibu kwamba nimesikia, na kwamba Mungu ambariki kwa kazi yake. Nilisema kwa sauti nzuri. Mtu aliyenijua vizuri angeogopa sauti ile, lakini aliyenijua vizuri alikuwa kaburini.

Siku zilizofuata nilikuwa watu wawili. Mmoja alisema: toka. Vaa nguo yako nyeupe, pita darajani mchana kweupe, inua bati lako, rudi umalizie siku tatu zako. Nani atakupiga? Mwingine alisema: ulimwahidi mtu huyu kwamba hutampunguzia hata siku moja, na sasa utamwuza kwa bati? Sikulala vizuri. Sikuchora tena sakafuni. Niliposimama dirishani niliona mawingu yakikusanyika upande wa msitu kila alasiri, meusi chini, meupe juu, nikayaombea yasije na nikayaombea yaje. Lolote lililoweza kuivuruga Jumamosi lilikuwa rafiki yangu, na mara nikakumbuka kwamba adui wa Jumamosi ni adui wa kuta zangu.

Jumatatu, tarehe nne Septemba, niliandika barua. Ninayo hadi leo na ninaweza kuinakili.

*Kisangani, tarehe 4 Septemba. Kwa shemeji yangu. Nakujulisha ya kwamba eda yangu inakwisha Jumanne, tarehe 12 Septemba. Wewe umeweka bati Jumamosi, tarehe 9. Tofauti ni siku tatu. Siamini ya kwamba siku hizi tatu zimejipanga zenyewe. Kaka yako hakukufundisha hivyo. Mimi sitaiharibu eda yake kwa ajili ya nyumba. Inua bati, na mtaa uite nyumba jina lako. Lakini ujue ya kwamba ninajua.*

Nilitia sahihi, nikaikunja mara tatu, nikampa wifi ampelekee siku ya pili. Aliigeuza mkononi. "Iko nini ndani?" Nikamwambia ni mambo ya mbao.

Alhamisi, tarehe saba, asubuhi, jua likiwa bado la manjano ukutani, nilisikia wanawake uani. Wifi aliingia kwanza, amebeba beseni kubwa la maji yaliyotiwa majani ya mlangilangi. Nyuma yake walifuata wawili wa ukoo, mmoja na kitenge kipya cha bluu, mwingine na sabuni na mafuta ya nywele.

"Simama, mama. Vua ile nyeupe."

Nilirudi nyuma hadi ukutani. "Munafanya nini?"

"Tunakutosha inje ya eda. Unafikiri beseni hii ni ya kuosha majani ya pondu?"

"Bado siku tano!"

Walitazamana. Yule wa sabuni alicheka, akadhani ni mzaha wa mjane. Nilifungua kabati. Nilionyesha duara. Nilihesabu mbele yao kwa sauti, mwezi baada ya mwezi, kidole kwenye karatasi, jinsi nilivyofundishwa. Wifi alisikiliza hadi mwisho kwa uvumilivu wa mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Kisha sauti ikatoka nje ya pazia. Shemeji alikuwa amekuja pamoja nao.

"Semeki, barua yako nimeisoma."

Kidole changu kilibaki kwenye duara.

"Nilisoma mara ya kwanza, nikakasirika sana. Nilisema, bati ile nitaiuza, fundi nitamufukuza, kila mutu abaki na mvua yake. Halafu nikasoma mara ya pili. Nikaona ile tarehe kumi na mbili. Nikajiuliza, aliitosha wapi?"

"Kwenye kalenda," nilisema.

"Kalenda ya nani?"

"Kalenda, semeki! Ya watu wote!"

"Eda haihesabiwake na karatasi ya watu wote. Inahesabiwa na mwezi wa mbinguni. Miezi ine ya mwandamo na siku kumi. Imekwisha jana, magharibi. Ndiyo maana nilimuambia fundi, hapana kabla ya tisa. Nilikupatia siku mbili za kuoga na kupumuzika."

Mwezi wa mbinguni una siku ishirini na tisa au thelathini, hauzidi. Nililijua hilo. Nilikuwa nimefunga Ramadhani pamoja nao kwa miaka ishirini na sita, nimesimama nao uani kutafuta mwezi mwembamba juu ya paa la msikiti, nimeona Ramadhani ikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, ikipita katika miezi yote ya kalenda yangu. Wifi alinikumbusha yote hayo bila huruma.

"Miaka yote uko unatazama mwezi na sisi! Ulikuwa unatazama nini? Ndege?"

"Nilitazama kwa sababu mulisema nitazame."

"Na sisi tulizani unajua. Mutu mwenye kusoma kama weye, nani atamufundisha kuhesabu?"

Nilikaa chini. Maji ya beseni yalikuwa yakitetemeka kidogo, na mwanga wa dirisha ulikuwa ndani yake, umevunjikavunjika. Nilisikia hatua za shemeji nje ya pazia zikiondoka polepole, halafu zikasimama.

"Lakini maandishi iko muzuri, semeki," alisema. "Hata ku tribunal sijaona barua imeandikwa safi vile ya kutukana mutu."

Wanawake walicheka hadi yule wa sabuni akamwaga mafuta. Nikaogeshwa nikicheka na kulia. Nilitoka edani Alhamisi, tarehe saba Septemba, na ninasema wazi kwamba nilitoka nikiwa nimekosea siku tano.

Jumamosi tulivuka daraja kwa miguu, wifi na mimi, ingawa tungeweza kupata toleka, baiskeli za abiria. Nilitaka barabara. Kila kitu kilikuwa kimepakwa upya: maji chini ya daraja, nguo za watu, machungwa kwenye sinia ya muuzaji. Kitenge changu cha bluu kilinisumbua kwa kelele zake. Nilitembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya ndoto kwisha, anayeona ndoto na chumba kwa pamoja.

Nyumba niliiona kutoka kwenye kona. Ilikuwa nyekundu zaidi ya nilivyoijenga. Nilimwomba wifi abaki nje, nikaingia peke yangu kwa mlango wa mbele, nikasimama sebuleni.

Haikuwa na paa bado. Mbao zilipita juu yangu kama mistari ya daftari, na katikati ya mistari kulikuwa na mbingu, mawingu yakipita kutoka chumba hadi chumba bila kujali kuta. Kivuli cha mbao kilinilalia mabegani. Niliingia ukumbini, nikahesabu milango kwa kidole. Niliingia chumba changu, nikaenda dirishani kutazama bonde, na sikuliona bonde. Niliona tofali, na juu yake mbingu. Kizingiti cha dirisha kilikuwa kidevuni pangu.

"Yaya!" niliita.

Alikuja mbio. Alisimama kando yangu, na kizingiti kilimfika tumboni. Wifi yangu ni mrefu kwa kichwa na mabega kunizidi. Miezi minne nilikuwa nimeijenga nyumba kwa mwili wake na kuikalia kwa mwili wangu.

"Utapanda kiti," alisema.

"Nitapanda kiti," nilikubali. Nikajivuta kwa ncha za vidole, na migomba ikatokea, na nyuma yake shimo letu la udongo, limejaa maji na maua ya zambarau yasiyopandwa na mtu.

Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika nje. Fundi seremala na mwenzake walikaa juu, miguu ikining'inia, nyundo mkandani. Mabati yalilala juu ya majani, yaking'aa hata hayatazamiki. Shemeji alikuwa kando ya mabati hayo, mikono nyuma. Nilikwenda hadi alipo. Watu walitutazama, nikajua kwamba wanamtazama yeye kwanza.

"Semeki," nilisema, "nilikukosea."

"Tumalize bati kwanza," alisema. "Tutakosana tena kesho."

Akarudi nyuma hatua tatu, mbele ya watu wote, akaacha nafasi.

Niliinama, nikalishika bati kwa ncha zake mbili. Lilikuwa la moto kutokana na jua, jepesi kuliko nilivyodhani, na refu. Lilijikunja katikati na kutoa sauti ya ngurumo ndogo.

"Mama, shika sawa," fundi alisema kutoka juu, "upepo ukiingia utaruka nayo mupaka Lubunga!"

"Nikiruka, utanilipa nauli ya kurudi!"

Walicheka. Niliinua. Mikono ilipofika juu ya kichwa bati lilinifunika uso, na kwa muda mfupi nilikuwa peke yangu chini yake, katika kivuli chembamba chenye mawimbi, joto likishuka juu ya nywele zangu zilizotiwa mafuta. Nilisimama kwa vidole vya miguu. Halikufika. Nilisikia wifi akisogea nyuma yangu na shemeji akimwambia kwa sauti ya chini, "Acha. Usiguse." Nilijinyoosha tena, hadi kiunoni paliponiuma, na nikahisi mkono wa mtu mwingine umelipokea. Uzito ukaniondoka. Vigelegele vikaanza upande wa barabara, na nyundo ikapiga mara ya kwanza.

Nilirudi ndani nikaketi juu ya tofali katika chumba changu, nitazame wakiifunga mbingu. Walikwenda bati kwa bati. Kila bati liliondoa wingu moja. Kivuli kilitoka pembeni na kuja taratibu sakafuni, kikapita miguuni pangu, kikapanda ukuta wa pili, na sauti za nje zikaanza kuwa za nje. Ndipo nilipoelewa kwamba chumba ni kitu gani. Shemeji aliingia akaketi juu ya tofali jingine, karibu na mlango. Alikuwa na vumbi la matofali kwenye kope. Karibu miezi mitatu alikuwa ameiamkia nyumba hii kabla ya kufungua kazi yake, na sikuwa nimewahi kumwuliza kama amekula.

"Umekula?" nilimwuliza.

"Bado."

Kabla sijajibu, nyundo zilinyamaza juu yetu.

"Mwenye nyumba!" fundi aliita. "Eh, mwenye nyumba! Misumari inakwisha!"

Shemeji aliinuka nusu, kwa mazoea. Akasita, magoti yamekunjwa, akanitazama. Kisha akaketi tena.

"Ni weye wanaita," alisema.

Niliuliza kwa sauti ni misumari ya aina gani na kilo ngapi. Nilijibiwa: ya kichwa kipana, kilo mbili, na haraka, kabla ya mvua. Nikakaza kitenge kiunoni, nikamwambia shemeji kwamba nitapitia na mihogo na samaki, asiondoke, nikatoka kwa mlango ambao bado haukuwa na ubao.